Fundi wa Mafuta wa Eldoret na Kazi za Kesho

Anayesimama kando ya Barabara ya Uganda mjini Eldoret atahesabu malori ya mafuta hadi achoke. Mengine yana nambari za Uganda, mengine za Rwanda, mengine yamelenga Juba. Madereva hujishindilia chapati na maharagwe vibandani huku mataniboi wakigonga magurudumu kusikiliza kama upepo umepungua. Safari hizo zote zina chanzo kimoja: depo ya kampuni ya Kenya Pipeline, KPC, ambako mafuta yaliyopanda kwa bomba kutoka pwani hutolewa na kupakiwa.

Kampuni hiyo iliundwa mwaka 1973. Mwaka 1978 mafuta yakaanza kusafiri kwa bomba la kilomita 450 kutoka Mombasa hadi Nairobi, na mwaka 1994 bomba likafikishwa Eldoret na Kisumu. Tangu hapo mji uliozoeleka kama Sisibo, jina lililotokana na shamba nambari 64, umekuwa mlango wa mafuta ya nchi jirani zisizo na bahari. Kuna mafundi wa pampu, wapimaji wa matangi, wachomeleaji, madereva, wahudumu wa stesheni, mawakala wa forodha na mama wa vibanda ambao wamesomesha watoto kwa sababu ya bomba hilo.

Ila katika kaunti hiyo hiyo ya Uasin Gishu, mashamba yaliyokuwa ya mahindi na ngano sasa yametandazwa paneli za sola. Mitambo mitatu, Selenkei, Cedate na ule wa Alten kule Kesses, kila mmoja una uwezo wa kupeleka megawati 40 kwenye gridi ya taifa. Kwa jumla, karibu asilimia 90 ya umeme unaozalishwa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Kijana anayemaliza chuo Eldoret mwaka huu atafanya kazi hadi miaka ya 2060. Swali linaloulizwa na wazazi, na hata na mafundi wenye miaka 20 kazini, ni kama bado kuna maana ya kusomea mambo ya mafuta.

Jibu ni kwamba maana ipo, mradi mtu ajue anachojifunza hasa. Fundi wa mafuta huuza ujuzi wa kutunza mabomba, kumudu shinikizo, kusoma mita na kujilinda na hatari. Ujuzi huo unatafutwa pia kwenye kawi safi. Kinachowakwamisha wengi ni mambo mawili: hawana karatasi ya kuuthibitisha, na hawajauongezea umeme na kompyuta.

Kutenganisha kazi na bidhaa

Mfano ulio karibu zaidi uko Olkaria, kando ya Naivasha. Kisima cha mvuke huchimbwa karibu sawa na kisima cha mafuta. Rigi ni ileile, tope la kuchimbia lipo, mabomba ya chuma hushushwa kukinga kuta za kisima na kuzungushiwa saruji, na mdomoni huwekwa valvu kubwa za kuzuia kisima kisilipuke. Tofauti ni kwamba huko chini joto linaweza kupita nyuzi 300 za Selsiasi na miamba ni migumu zaidi, kwa hiyo vifaa huchakaa haraka.

Kituo cha kwanza cha Olkaria kilianza kutoa umeme mwaka 1981. Leo Kenya ina zaidi ya megawati 900 za umeme wa mvuke na inaongoza Afrika. Wachimbaji wa KenGen wamevuka hata mipaka: kampuni hiyo imepata kandarasi za kuchimba visima vya mvuke Ethiopia na Djibouti. Kwa hiyo mtu aliyefanya kazi kwenye rigi za Turkana wakati wa kutafuta mafuta, akijifunza tabia ya mvuke na miamba ya moto, ana mahali pa kupeleka mikono yake.

Mfano wa pili umezikwa ardhini kati ya Mombasa na Eldoret. Bomba la chuma likikaa kwenye udongo mbichi hushika kutu. Ili kulilinda, mafundi hupitisha umeme kidogo kwenye bomba ili kutu ishambulie kipande kingine cha chuma kilichozikwa kando kwa makusudi. Anayejua kupima umeme huo, kusoma dalili za kutu na kukadiria unene wa chuma bila kukikata anahitajika pia kwenye mabomba ya mvuke, mabomba ya maji na matangi ya gesi ya kupikia.

Yupo pia mtu wa chumba cha mitambo. Petroli, dizeli na mafuta ya ndege hufuatana ndani ya bomba lilelile, shehena baada ya shehena, na mahali zinapokutana huchanganyika kidogo. Mwendeshaji hutazama namba kwenye skrini zikibadilika, akijua ni wakati gani petroli imekoma na dizeli imeanza, kisha huelekeza kila bidhaa kwenye tangi lake. Akikosea, shehena nzima huharibika. Mtu huyo amezoea kuamua kwa utulivu akiongozwa na mita, na kituo cha kuendesha gridi ya umeme au mtambo wa sola kinahitaji tabia hiyo hiyo.

Nchi nyingine zimepita njia hii. Kampuni ya Ørsted ya Denmark iliitwa DONG hadi mwaka 2017, kifupi cha maneno ya Kidenmaki yanayomaanisha mafuta na gesi asilia ya Denmark. Iliuza biashara yake ya mafuta na gesi, ikabadilisha jina, na leo ni miongoni mwa wajenzi wakubwa wa mitambo ya upepo baharini. Bandari ya Esbjerg, iliyokuwa ikihudumia majukwaa ya mafuta ya Bahari ya Kaskazini, ndiyo inayopakia mapanga ya mitambo ya upepo.

Kazi zisizohama kirahisi

Ni vizuri kusema ukweli mapema. Si kila kazi ya mafuta ina pacha kwenye kawi safi.

Mtambo wa sola huhitaji vibarua wengi wakati wa ujenzi: kuchimba mitaro, kusimamisha vyuma, kufunga paneli, kuvuta nyaya. Ukishawashwa, hubaki na watu wachache wa kulinda, kuosha paneli, kufyeka nyasi na kukarabati inveta. Kijana anayeacha kazi ya depo kwa sababu ameona mamia ya vibarua Kesses atajikuta bila kazi mradi ukiisha. Aulize kwanza nani atabaki baada ya ufunguzi, na hao waliobaki walisomea nini.

Mhudumu wa stesheni ya mafuta yuko kwenye hali ngumu zaidi. Kazi yake ya kushika pampu haimpi cheti chochote, na bodaboda na mabasi ya umeme yakiongezeka, foleni yake itapungua. Kinachomfaa ni kujifunza sehemu ya biashara ambayo stesheni haiwezi kukosa: hesabu za stoo, uuzaji wa mitungi ya gesi kwa njia salama, huduma ya magari, au uendeshaji wa sehemu ya kuchajia. Mwenye stesheni naye anapata faida akimruhusu mfanyakazi wake saa chache za darasa kwa wiki, maana ndiye atakayemwachia mashine mpya.

Dereva wa lori la mafuta, kwa upande mwingine, ana mali asiyoitambua. Amefunzwa kubeba shehena hatari, kukagua lori kabla ya safari na kufuata utaratibu wa kupakia na kushusha. Gesi ya kupikia inasafirishwa kwa taratibu zinazofanana na hizo. Mwaka 2018, mafuta ghafi ya Turkana yalipoanza kubebwa kwa malori kutoka Lokichar hadi Mombasa, yalipita njia hii ya Kitale na Eldoret katika matangi yaliyokingwa yasipoteze joto, kwa kuwa mafuta hayo yana nta na huganda yakipoa. Madereva wa kazi ile walijifunza kitu ambacho dereva wa kawaida hakijui, na wenye kumbukumbu ya maandishi ya mafunzo hayo wanaweza kukionyesha popote.

Karatasi kwanza

Eldoret imejaa mafundi wanaochomelea bomba vizuri kuliko mwenye diploma, ila mradi mkubwa ukija wanaachwa langoni. Mkandarasi wa kigeni hana njia ya kujua mkono wa mtu, anasoma cheti. Hapa kuna mambo manne ya kufanywa, tena kwa mpangilio huu.

La kwanza ni mtihani wa ufundi wa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA. Huanzia Gredi ya Tatu hadi ya Kwanza, na humruhusu fundi aliyejifunzia jua kali kupimwa kwa kazi ya mikono. Sambamba na huo upo utaratibu wa kutambua ujuzi alionao mtu bila kupitia darasani, unaosimamiwa na mamlaka ya kitaifa ya sifa za masomo, KNQA. Fundi wa miaka 15 kazini halazimiki kurudi kidato cha kwanza. Anatakiwa kukusanya ushahidi: picha za kazi, barua za wasimamizi, stakabadhi za mafunzo ya siku mbili tatu alizotupa kabatini.

La pili ni leseni za Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA. Watu wengi huijua kwa kutangaza bei ya petroli kila tarehe 14, lakini ndiyo pia inayotoa leseni kwa mafundi wa umeme na wa sola. Kanuni za sola za mwaka 2012 ziliwagawa mafundi katika madaraja ya T1, T2 na T3, kuanzia mfumo mdogo wa taa chache nyumbani hadi mifumo mikubwa. Fundi wa umeme wa depo anayeongeza leseni ya sola anakuwa na milango miwili kwa gharama ya kozi moja fupi.

La tatu ni vyeti vinavyotambulika nje ya nchi. Mchomeleaji akipita mtihani wa kuunga bomba lililoinamishwa, ule ambao mafundi huuita 6G, anaweza kuajiriwa Olkaria, Tanga au Abu Dhabi bila maswali mengi. Wakaguzi wa matangi na mabomba wana vyeti vya API, na wapandaji wa mitambo ya upepo huhitaji mafunzo ya usalama ya GWO. Vyeti hivi ni ghali na vingine huisha muda. Haifai kuvinunua kwa pupa. Mtu atazame matangazo matano ya kazi anayoitaka, aone ni cheti gani kimetajwa kwenye yote, akianze hicho.

La nne halina ada: daftari. Kila kazi iandikwe tarehe, mahali, kipenyo cha bomba, aina ya pampu, na jina la msimamizi. Baada ya miaka mitatu daftari hilo linazungumza kuliko barua ya maombi.

Umeme na kompyuta

Fundi makanika wa zamani alijivunia kusikia pampu inaumwa kwa sikio. Sikio hilo bado lina thamani, lakini pampu za leo zina vihisio vinavyopima mtetemo, joto na shinikizo na kutuma namba kwenye mfumo unaoitwa SCADA, ambao huziendesha pampu kutoka mbali. Mwenye sikio na uwezo wa kusoma grafu ya mtetemo ni mtu adimu. Mwenye kimoja tu ni rahisi kupatiwa mbadala.

Kwa hiyo kozi ya kwanza kwa makanika yeyote wa mafuta ni umeme wa viwandani: mota, inveta, vidhibiti na mifumo ya kujilinda. Ya pili ni kompyuta ya kazini, kuanzia jedwali la hesabu hadi kuandika ripoti inayoeleweka. Vijana hudharau hili la ripoti. Msimamizi aliye Nairobi hajawahi kuiona valvu iliyopasuka Eldoret. Anaamua kununua nyingine kwa kusoma aya mbili alizoandikiwa.

Mahali pa kujifunzia hapakosekani. Eldoret yenyewe ina Chuo cha Kitaifa cha Ufundi cha Eldoret na Taasisi ya Mafunzo ya Ufundi ya Rift Valley, na kuna Chuo Kikuu cha Eldoret. Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka 1984, kina shule ya uhandisi. KPC ina taasisi yake ya mafuta na gesi kule Morendat, Naivasha. Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi kule Nyeri kina taasisi ya mafunzo na utafiti wa mvuke, na kwa miaka mingi Wakenya wengi wamekuwa wakienda Iceland kwa kozi ya miezi sita ya mvuke wa ardhini. Wanaochaguliwa kwenda huko kwa kawaida tayari wameajiriwa kwenye sekta hiyo, jambo linaloonyesha faida ya kuingia mlangoni hata kwa kazi ndogo.

Usalama

Wakazi wa Bonde la Ufa hawajasahau Sachangwan. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilianguka karibu na Molo, watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka na kuua zaidi ya watu 100. Mwaka 2011, tarehe 12 Septemba, petroli iliyovuja ilishika moto katika mtaa wa Sinai, Nairobi, na takriban watu wengine 100 wakafa. Mapema Februari 2024 gesi ililipuka usiku mtaani Embakasi, ikateketeza nyumba na magari.

Yanatajwa hapa kwa sababu kawi safi haijaondoa hatari. Imebadilisha sura yake. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini na kujikusanya mashimoni. Paneli za sola huzalisha umeme mchana kutwa hata swichi ya nyumba ikizimwa. Betri kubwa ikishika moto huweza kuwaka tena baada ya kudhaniwa imezimwa. Mvuke wa Olkaria huja na gesi ya salfa ambayo kwa wingi huua bila onyo la pua.

Mtu wa mafuta ameishi na kibali cha kazi, kipimo cha gesi, kufunga na kutundika lebo kwenye swichi, na mazoezi ya kuhama. Nidhamu hiyo ndiyo anayoweza kuipeleka kwenye sekta changa ambako mafundi wengi wa sola hupanda paa bila hata mkanda. Afisa wa usalama aliyetoka depo, akiongeza somo la umeme wa betri, hatakosa wa kumhitaji.

Kukaa barazani

Kuna ujuzi mmoja ambao vyuo vya uhandisi haviufundishi vya kutosha. Mwezi Februari 2016 mradi wa upepo wa megawati 60 kule Kinangop ulifutwa baada ya wenyeji kuupinga. Mwaka 2018 wakazi wa Turkana walifunga barabara na kusimamisha malori ya mafuta wakidai usalama na haki yao. Sheria ya Petroli ya mwaka 2019 ikaja kuweka mgao wa mapato ya serikali: asilimia 75 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 5 kwa jamii inayoishi penye mafuta. Mradi wa Ziwa Turkana, wenye mitambo 365 ya upepo, nao umekuwa mahakamani juu ya hati za ardhi.

Miradi hii ilikuwa na wahandisi hodari. Kilichopungua ni watu wanaoweza kukaa chini ya mti, wakasikiliza wazee kwa lugha yao, wakaeleza fidia bila kudanganya na kurudisha malalamiko ofisini yakiwa mazima. Kijana anayejua Kipokot, Kikalenjin au Kiturkana pamoja na Kiswahili na Kiingereza, na anayeelewa sheria ya ardhi, asijione kuwa hakusomea mafuta. Kila mradi wa kawi unamhitaji.

Kujifunza mshahara ukiendelea

Mafuta hayaondoki mwaka kesho. Bomba la EACOP la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Tanga linahitaji mafundi wa mabomba yanayopashwa joto, na Tullow, iliyogundua mafuta Turkana mwaka 2012, ilikubali mwaka 2025 kuiuzia kampuni ya Gulf Energy mali yake ya Kenya kwa dola zisizopungua milioni 120. Kuacha kazi leo kwa hofu ni kosa. Kosa kubwa zaidi ni kukaa miaka 10 bila kujiongeza, kisha kuamshwa na barua ya kupunguzwa kazi.

Eldoret inajua jambo hili kupitia riadha. Eliud Kipchoge alishinda ubingwa wa dunia wa mita 5,000 mjini Paris mwaka 2003. Mwaka 2012 alikosa nafasi kwenye timu ya Olimpiki. Mwaka uliofuata alihamia marathoni, akashinda ya kwanza mjini Hamburg, na mwaka 2022 akaweka rekodi ya dunia ya saa 2:01:09 mjini Berlin. Mapafu na miguu ilikuwa ileile. Alibadilisha umbali na mazoezi.

Kwa fundi mwenye familia, mpango wa miezi 12 unatosha kuanza. Robo ya kwanza akusanye ushahidi wa kazi na kujiandikisha kwa mtihani wa NITA. Robo ya pili aanze kozi ya jioni ya umeme wa viwandani. Robo ya tatu atafute leseni moja ya EPRA inayolingana na kazi yake. Robo ya nne atembelee mtambo mmoja wa kawi safi, hata kwa likizo, aone kwa macho kazi zinazofanywa na azungumze na walioko huko. Ada ya kozi ikimlemea, SACCO ya kazini ni bora kuliko mkopo wa simu.

Kwa mwanafunzi wa kidato cha nne, wazazi wasimfunge kwenye jina la kozi lenye neno mafuta wala lenye neno sola. Umeme, makanika, ala za vipimo na uchomeleaji ndizo kozi zinazoingia kote kuwili. Vyuo vya ufundi nchini hupokea wanafunzi wapya mwezi Januari, Mei na Septemba.